Mama Mkwe Alisikia Mulungu

Neno lenyewe nililitamka mimi, tena kwa hasira, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu barazani. Mama mkwe alipiga simu kutoka juu mlimani kumuulizia mwanawe. Alizoea kumpigia mwenyewe, na akimkosa ananipigia mimi, na siku hiyo alikuwa amemkosa tangu asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Malahaba mwanangu. Mwenzio yuko wapi? Simu yake inaita tu."

Mwenzangu nilikuwa namwona kwa macho yangu. Alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kijiwe cha madereva, amekaa juu ya tairi bovu, shavu la kushoto limetuna, sigara mkononi, anawahadithia wenzake kitu na wote wanacheka. Simu ilikuwa imeita mfukoni mwake na hakuisikia kwa kelele zake mwenyewe. Asubuhi nilimpikia uji wa karanga akausukuma pembeni. Nilishindwa kujizuia.

"Mwanao yupo hapa mama, anakula mirungi! Kila siku ya Mungu anakula mirungi! Chakula changu hataki, kulala halali, ni mirungi tu kutwa kucha!"

Nikajua nimeharibu. Halafu nikasikia kigelegele. Kigelegele, jamani, cha mama mtu mzima mwenye wajukuu, kikatoka kwenye simu mpaka mteja wangu aliyekuwa anasubiri sketi akageuka kuangalia.

"Mulungu! Anakula Mulungu kila siku? Mwanangu huyu huyu?"

Kule kwao kwa Waluguru Mungu ni Mulungu, na hata kwetu Gairo wazee wanamwita hivyo, kwa hiyo nilielewa mara moja alichokisikia. Mama mkwe ni Mkatoliki wa misheni, wa kusali rozari akipalilia njegere. Kukomunika yeye haiti kukomunika, anaita kula Mulungu. Na herufi ya r haijawahi kukaa mdomoni mwake hata siku moja: barabara ni balabala, karoti ni kaloti, na mimi kwa hasira zangu nilitamka haraka. Kila nilichosema baada ya hapo kikaingia mahali pake. Chakula hataki, maana yake amefunga. Halali, maana yake anakesha kwenye sala. Nilianza kumwambia, "Hapana mama, sikiliza," salio lake likaisha.

Nilipomsimulia mume wangu alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye tairi. Akawasimulia kijiwe kizima. Kwa wiki nzima wenzake walikuwa wakimwona anakuja wanapiga ishara ya msalaba na kusema, "Padri huyo, mpisheni." Mimi sikucheka. Nilimwambia ampigie mama yake amweleze. Akasema, "Mama watoto, mwache bibi wa watu afurahi. Lini tena ataniona mtakatifu?"

Niseme kidogo alivyokuwa, kwa sababu anayemwona sasa hawezi kujua. Alikuwa dereva wa lori, fuso. Anapanda milimani kupitia Mlali, anapakia kabichi, karoti na njegere, anateremka nazo mpaka Dar. Msimu mwingine anakwenda upande wa Dodoma, na ndiko alikonipata mimi, mnadani Gairo, akinunua karanga za mama yangu. Sura hana. Nisimsingizie. Alinioa kwa mdomo. Alisimama pale anajipatanisha bei yeye mwenyewe, mara anakuwa mnunuzi, mara anakuwa mama yangu kwa sauti ya mama yangu kabisa, mpaka mama akacheka na kumwongezea karanga. Watu walikuwa wanakuja kijiweni bila shida yoyote, kumsikiliza tu. Askari wa barabarani walimsimamisha wapate hadithi. Ule ulimi ndio ulikuwa mali yake, na ndio nilioufuata mimi Morogoro.

Mirungi aliianza kwa ajili ya usingizi. Hivyo ndivyo wanavyosema wote. Kabichi haisubiri, soko linafunguliwa alfajiri, na dereva akisinzia kidogo anaamka mtaroni, kama anaamka. Huku kwetu ni marufuku, lakini inafika. Inakuja kutoka kaskazini imefungwa kwenye majani ya mgomba isinyauke, inapita mikono na mikono, na vijana wanaiita gomba ili asiyejua adhani wanaongelea ndizi. Anachambua vijiti, anatafuna ganda laini na majani, anakusanya tonge shavuni, anasindikiza na bigijii ya kutafuna na soda. Na sigara. Tonge bila sigara kwake lilikuwa chai bila sukari. Alikuwa anawasha nyingine kwa kipisi cha ile inayokwisha, ndani ya gari vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi ya mlimani, na mimi pembeni.

Mwanzoni ilikuwa safarini tu. Baadaye safari ikaisha na tonge likabaki. Ugali ulikuwa unalala. Anaongea mpaka mate yanakauka, moyo unamwenda mbio ukiweka mkono kifuani unashtuka, halafu stimu zikikatika anakuwa mkali kwa watoto na mimi, ugomvi wa kijiko, ugomvi wa mlango. Akikaa chooni hatoki. Meno yakageuka rangi ya chai. Nilipiga kelele mwaka wa kwanza. Nilipiga kelele mwaka wa pili. Kuna siku nilichukua kifurushi kizima nikakitumbukiza chooni, naye akasimama mlangoni anakitazama kinazama, akasema kwa sauti ya huzuni kabisa, "Pumzika kwa amani." Nikacheka. Hapo ndipo aliponiweza kila mara, ananichekesha. Baada ya hapo sikupiga kelele sana. Nilikuwa nimeanza kufa ganzi, ila sikujua bado kuwa ndiyo jina lake.

Baraza ninaloshonea ni la duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa hapa Morogoro. Ni mtu wa kununa. Ana pumu. Mume wangu akinisubiri jioni alikuwa anakaa kwenye ngazi za duka na kuvuta, na moshi ulikuwa unaingia ndani moja kwa moja. Siku moja mama mmoja alirudisha sare ya shule niliyomshonea mwanawe, akasema inanuka baa. Mzee akatoka na kipulizio chake mkononi.

"Bwana dereva, si hapa. Vitambaa vyangu vinanuka."

"Mzee wangu, barabara ni ya serikali."

"Barabara ya serikali, kifua changu. Mimi sijavuta hata moja toka nizaliwe. Hii pumu nimezidishiwa na wateja, na majirani, na wewe."

Mume wangu akamjibu kwa sauti ya yule mzee mwenyewe, kile Kiswahili chake na kukohoa kwake, na barazani wakacheka wote. Mzee hakucheka. Akaingia ndani akafunga mlango wa kioo, joto lote lile, akauza siku nzima mlango umefungwa. Mimi nilishona. Nilikuwa na haya, lakini nilishona.

Kule juu jina la mume wangu lilikuwa limeshapanda. Mama mkwe alimwambia kila mtu. Tulipokwenda kupakia mzigo, wanawake wenye vikapu vya karoti kichwani walimpisha njia na kumsalimia kwa adabu. Nilimfuata mama mkwe jikoni kwake nikajaribu tena, taratibu, neno kwa neno.

"Mama, si Mulungu. Ni mirungi. Ni majani. Anatafuna majani."

"Eee, majani," akasema, anageuza viazi. "Ya Jumapili ya Matawi. Hata mimi nayaweka juu ya mlango."

Uwii. Nilitoka nje nikakaa kwenye gogo. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mume wangu alikuwa wa kwake kwanza, wangu baadaye, na yeye alikuwa amekwisha amua mwanawe ni mtu gani. Nikajiambia mwenye kazi ya kumwambia ni mwanawe, si mimi.

Sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chao ilipofika, mama mkwe akawaomba wazee wa kanisa mwanawe apeleke matoleo. Wakakubali. Tulipanda na gari tupu, amevaa shati jeupe nililomshonea, na kabla ya kuingia kanisani nilimwona nyuma ya ukuta penye migomba anatema tonge na kusukutua kwa maji ya chupa. Kama aliungama au hakuungama, hilo ni lake na padri. Alipeleka kikapu cha njegere mbele kwa unyenyekevu hadi mimi mwenyewe nikamshangaa. Ulipofika wakati wa komunyo, padri, kwa kuwa ni sikukuu, alikuwa anachovya hostia kwenye divai na kuwawekea watu ulimini.

Mume wangu alifumbua mdomo, akapokea, na mabega yake yakapanda ghafla. Akafumba macho kwa nguvu. Machozi yakamtoka, si tone, yakatiririka mpaka kwenye kola. Alirudi kwenye benchi ameinama, mkono umefunika mdomo.

Mama mkwe alikuwa benchi la mbele upande wa wanawake. Alinigeukia, uso wote unang'aa, akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. "Umemwona? Ndivyo anavyomla!" Halafu akapiga magoti kwenye sakafu, si kwenye ubao, kwenye sakafu ya saruji, akakunja mikono na kushukuru. Alishukuru mpaka misa ikaisha na watu wakaanza kutoka.

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Kulia kwa ibada nakujua, mama yangu alikuwa analia kanisani. Kulia kwake hakukuwa kwa ibada.

Tuliteremka mchana na mzigo wa kabichi. Tulipofika Mlali alisimama breki zipoe. Nikamwambia, "Fungua mdomo."

"Umeanza lini udaktari?"

"Fungua mdomo, baba watoto, au nashuka hapa hapa na kabichi zako utauza mwenyewe."

Akafungua. Nilimsogeza kwenye kioo cha pembeni cha gari, kwenye jua. Ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, pale pale linapokaa tonge, kulikuwa na kidonda kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu, na kukizunguka pamekuwa peupe kama utando wa maziwa. Harufu ilinirudisha nyuma.

"Tangu lini?"

"Jino lilining'ata."

"Nakuuliza tangu lini."

"Kitambo. Lakini nikiwa na tonge hainiumi. Panakufa ganzi kabisa. Leo sikuwa na tonge, na padri naye na divai yake." Akajaribu kucheka. "Mwambie mama Mulungu wake ni mkali."

Akachukua kifurushi chini ya kiti, akaanza kuchambua vijiti, akawasha sigara, na tukaendelea na safari. Mimi nilitazama barabara. Nakumbuka mashamba ya Mlali yalikuwa yamepandwa nyanya na watu walikuwa wanamwagilia. Nilipaswa kupiga kelele gari zima litetemeke. Nilihesabu kelele zangu zote za nyuma hazikumfanya chochote, nikanyamaza.

Akasukutua maji ya chumvi. Akapaka asali. Akanunua dawa ya rangi ya zambarau duka la dawa, ulimi ukawa wa zambarau, kijiwe kikapata cha kucheka. Kila siku nilimwambia twende hospitali na kila siku kulikuwa na mzigo. Alikuwa anaogopa, sasa najua. Mtu anayejua anachoogopa anakuwa na kazi nyingi. Ilipofika anashindwa kumeza chai, na sikio la upande ule linamuuma, na shingoni pametokeza uvimbe mgumu, ndipo alipokubali kuegesha gari.

Kwenye benchi la nje la hospitali, tukisubiri kuitwa, aliwasha sigara. Juu ya kichwa chake ukutani palikuwa pameandikwa usivute sigara hapa. Pembeni yetu alikaa mama mwenye kichanga. Yule mama alijifunika kanga yeye na mtoto, wote wawili, kichwa mpaka miguu, akakaa hivyo. Nilimnyang'anya sigara mdomoni nikaikanyaga. Watu walitazama. Hakunigombeza.

Daktari wa meno alikuwa dada mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Akavaa glavu, akamulika, akaukamata ulimi kwa kitambaa na kuugeuza huku na huku. Akauliza kuhusu sigara, akaandika. Akauliza kuhusu mirungi.

"Sisi ni watu wa karoti," mume wangu akasema.

"Baba, mimi si polisi."

Akakubali. Daktari akamkata kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Majibu yalipotoka alituita ndani akafunga mlango, na mtu akifunga mlango umeshajua. Alisema ni saratani ya ulimi. Alisema sigara ndiyo anayeijua vizuri kwa kazi hii. Majani peke yake hawezi kuapa, lakini majani yanakwaruza nyama ya mdomo sehemu moja siku zote, na pale palipochubuka moshi unapita, kisha majani tena, kisha moshi tena, mdomo haupati hata siku ya kupona. Na ile ganzi aliyokuwa anaifurahia ndiyo iliyomfichia. Kidonda kingemuuma angekuja mapema.

"Na wewe mama, unakaa naye kwenye moshi?"

"Kwenye gari. Nyumbani. Kazini."

"Na wewe nenda ukapimwe kifua."

Nikasema ndiyo. Bado sijaenda.

Watu wananiuliza kama nililia. Sikulia. Nilitoka pale nikaenda kumalizia sketi ya mteja kwa sababu aliihitaji kesho yake. Nilishona pindo likanyooka. Nilijaribu kufikiri neno saratani na kichwani hakikuja kitu, ni kama kukanyaga mguu uliolala, unaona mguu upo chini lakini sakafu huisikii. Yule mzee wa duka akaja akasimama karibu na cherehani. Nikamweleza. Hakusema pole, akaenda ndani akarudi na mabaki ya pamba nyeupe, mzigo mzima, akauweka miguuni kwangu. "Vya mate," akasema. "Ndugu yangu alipasuliwa shingo, mate yanatoka. Shona vingi."

Nikashona. Vipande vya mraba, pindo pande zote, laini visimchubue. Nilishona hadi vikajaa kapu na bado tulikuwa hatujaondoka kwenda Dar alikopewa rufaa.

Kule Dar walimkata. Walichukua upande wa kushoto wa ulimi na sehemu ya mbele, na ule uvimbe wa shingoni, halafu wakamchoma mionzi mpaka ngozi ikawa nyeusi. Usiku ule wa kwanza aliponiona alijaribu kusema kitu na kikatoka kitu kingine. Alijaribu tena. Nikamwambia usiongee. Akageuza uso, na mimi nikamfuta mate kwa kile kitambaa nilichoshona, nikakikunja, nikachukua kingine. Muuguzi alinisifia kwa utulivu wangu. Haukuwa utulivu.

Tukarudi nyumbani Morogoro. Kijiwe kilikuja kumwona siku ya kwanza, wamekaa mstari, wameshika kofia. Walizoea yeye ndiye anaongea. Sasa walimtazama, yeye akawatazama, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Waliondoka mapema. Kabla hawajavuka barabara mmoja akawasha sigara pale pale mbele ya dirisha letu, na moshi ukaja ndani, na mume wangu akaanza kukohoa mpaka mshono ukamuuma. Nilitoka nje na ufagio. Niliwatukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Ndiyo siku pekee katika siku zile zote niliyohisi kitu, na kilipita mara nilipofunga mlango.

Halafu mama mkwe akateremka. Alikuja na kikapu cha njegere na viazi, vitu vya kutafuna, na hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mwanawe sasa anakunywa tu. Nikamwamkia. Aliitika kwa mbali, akaingia chumbani. Akakaa kitandani akamshika mwanawe mguu. Nilitegemea atoe rozari. Hakuitoa.

"Mama, tusali?" nikamwambia, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema.

"Salini ninyi. Mimi siendi tena." Alisema taratibu, macho kwenye mguu. "Tangu habali ilipofika sijaingia kanisani. Padli alikuja nyumbani, nikamwambia aludi. Mtu aliyemla kila siku. Kila siku! Hali chakula, halali, kwa ajili yake yeye. Halafu amlipe hivi? Amkate ulimi ule ule aliompokelea?" Sauti yake ilipanda. "Wale wasiokwenda kanisani kabisa wanatafuna nyama. Mulungu hana haya. Nimemwambia hivyo hivyo. Huna haya."

Mume wangu alikuwa amefumba macho. Akafumbua. Akajisukuma kwa viwiko akakaa, nikaenda kumsaidia akanitoa kwa mkono. Alitaka kusema. Nilijua anataka kusema nini, na nilijua tangu ulimi ukatwe hajasema neno refu kuliko maji.

"Mama," akasema. Hilo lilitoka vizuri. "Ti Mulungu."

"Nini mwanangu?"

"Ti Mulungu. Mi-lu-ngi."

"Ndiyo. Mulungu. Hana haya."

Akatikisa kichwa. Mate yakamtoka, hakuyafuta. "Milungi," akasema. "Mi. Lu. Ngi." Alikuwa anasukuma ule ulimi uliobaki uende juu ukagonge pale unapogonga ulimi wa kila mtu akisema r, na haukufika. Mtu aliyekuwa anaongea kwa sauti ya kila mtu Morogoro. Mama yake akamshika mkono akamwambia, "Basi baba, usimtaje tena, pumzika," naye akapiga godoro kwa ngumi, akapiga tena, akanigeukia mimi. Alininyooshea kidole mdomoni kwangu.

Mimi ndiye niliyekuwa na ulimi mzima ndani ya chumba kile. Lakini nilikwisha jaribu maneno kwa mama mkwe. Nikaenda kwenye koti la safari la mume wangu lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani. Vilikuwepo, vijiti vichache vimekauka ndani ya kipande cha jani la mgomba, pamoja na sigara mbili zilizovunjika. Nikaviweka kwenye kiganja cha mama mkwe.

"Hii ndiyo mirungi, mama. Majani haya. Haya ndiyo aliyokuwa anakula kila siku na hizi sigara. Yanamfukuzia mtu usingizi na njaa. Hakumfungia Mulungu wala hakumkeshea. Siku ile nilikuambia anakula haya, ukasikia Mulungu."

Alivisogeza puani. Akanusa. Alikuwa akimfulia mwanawe mashati kila alipopanda mlimani, na niliona pale pale kuwa harufu anaijua.

"Milungi," akasema. Akalisema tena, polepole, kama anavyolisema mwanawe, herufi kwa herufi. "Milungi." Akamtazama mwanawe, naye akaitikia kwa kichwa.

Kisha akaniuliza, "Na siku ile ya sikukuu? Kanisani. Alikuwa analia nini?"

Nikamtazama mume wangu. Akaitikia tena.

"Kidonda, mama. Divai ilimchoma kidonda."

Aliangalia vile vijiti kiganjani, akavifunga tena kwenye jani lake vizuri, kama vitu vya mtu mwingine, akaviweka sakafuni karibu na miguu yake.

"Nami nilipiga magoti," akasema. "Nilishukulu. Kumbe nilikuwa nashukulu kidonda."

Mume wangu alianza kulia, mdomo wazi, mate na machozi pamoja. Nikachukua kitambaa kwenye kapu nimfute, na mikono yangu ikakataa. Nikakaa chini sakafuni na kile kitambaa usoni kwangu mwenyewe. Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye kapu, akachukua kingine, akamfuta mwanawe kidevu.